Naomba ushauri: imani yangu isimamie wapi kwenye pesa za mteja?

Mshauri wa Dar
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi kwa dalali wa hisa hapa Dar, leseni ninayo, huu mwaka wa sita. Ni Mlutheri, na kazi hii naichukulia kama ibada. Kabla mteja hajaingia naomba kimoyomoyo nisije nikampa ushauri unaonufaisha mfuko wangu. Kamisheni naitaja kabla hajaniuliza.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mstaafu na karatasi ya kiinua mgongo, kaikunja mara nne ndani ya bahasha ya kaki. Anataka sehemu ya pesa anunue hisa za kampuni ya sigara, maana jirani yake hupata gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa. Baba yangu alivuta miaka thelathini na nimemuuguza mapafu hadi mwisho. Nikajikuta nataja hasara tupu, gawio nikalipita kama halipo. Mzee akanisikiliza, kisha akauliza: "Mwanangu, hapa unanieleza habari za hisa au habari zako?" Akachukua bahasha yake, akaaga.

Sina amani. Nimkabidhi kwa mwenzangu? Au nimnunulie nikae kimya?

Kibubu
Mkuu, dini iache getini. Mzee alifuata hesabu, hakufuata mahubiri.

Bi Mkubwa Tanga
Kibubu, hapo sikubaliani nawe. Mimi ni Mwislamu, na kuna mshauri aliniweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja bila kunieleza kwamba ndani mna hatifungani (pesa unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba) na amana za benki zenye riba. Miaka miwili nachekelea "faida". Nilipojua nilikaa na kalamu usiku kucha nikitenga riba na mtaji wangu, na ile riba nikaigawa kwa maskini bila kutia nia ya thawabu. Yule kijana hakuwa mwizi. Hakuniuliza tu, na benki zisizo na riba zipo nchini, Benki ya Amana ilianza 2011.

Kwa hiyo imani ya mteja iulizwe siku ya kwanza, kama unavyomuuliza umri na wanaomtegemea. Na yako, kaka, itaje mapema: "sigara siishauri, sababu ni hii." Ulichomkosea mwalimu ni kuivisha imani yako nguo za hesabu. Pole sana kwa mzee wako.

Dalali Mstaafu
Bi Mkubwa kamaliza, naongeza la kazi tu. Bia iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam 1998, sigara 2000, ni kampuni za zamani pale. Ukisema huzigusi, je, mifuko unayowapeleka wateja umesoma orodha ya hisa zake? Huenda zimo humohumo.

Halafu mwalimu ana tatizo kubwa kuliko sigara. Soko letu lina wanunuzi wachache. Siku akiugua akataka kuuza, oda inaweza kukaa siku nyingi bila mtu wa kuichukua. Kiinua mgongo hakirudi mara ya pili, asikifungie kwenye kampuni moja. Mwoneshe na hatifungani za serikali, zinalipa kila miezi sita. Hilo ungemwambia hata kama kampuni ingekuwa ya saruji.

Kibubu
Hapo kwenye kusema mapema nimewaelewa.

Mshauri wa Dar
Asanteni, Bi Mkubwa hasa. Nimempigia mwalimu leo saa nne asubuhi, nikamwomba radhi, nikamweleza habari za baba. Akanipa pole, akaniambia naye aliacha kuvuta alipoanza kufundisha. Nimemwambia akizitaka hisa zile mwenzangu atamhudumia, na akibaki kwangu atapata pande zote.

Anakuja Jumanne. Anataka karatasi moja, kwa maandishi makubwa: gawio la miaka mitano, siku ambazo oda zilikaa bila mnunuzi, na hatifungani pembeni. Naiandika usiku huu, nimeanza na gawio.