Mimba ilitoka wiki 4 zilizopita, testi ina mistari 2: ni mimba mpya au mabaki ya ile?

Mama wa Katindo (Goma):
Hamjambo. Ni kwa ajili ya wifi yangu. Mimba ya wiki 8 ilitoka yenyewe, damu ikakauka siku ya 9. Leo ni siku ya 29, hajaona siku zake, na amekutana na mumewe tangu siku ya 14. Testi ya mkojo ya jana: mistari 2, wa pili umefifia kama wa penseli. Jirani anamchemshia dawa ya miti ya kusafisha tumbo. Anywe?

Mkunga, Ndosho:
Asinywe, mama, nakuomba. Kama ni mimba mpya, dawa hiyo inaweza kuidhuru.

Mstari ule una maana mbili. Homoni ya mimba, hCG, haiishi siku moja: kwa kawaida hukaa mwilini wiki 2 hadi 4 baada ya mimba kutoka, mara nyingine hata 6, na testi nyingi huanza kuikamata kwenye yuniti 25 tu kwa lita. Lakini yai pia linaweza kutoka wiki 2 tu baada ya mimba kuharibika, kabla hedhi haijarudi. Hesabu yenu inaruhusu yote mawili. Testi moja haiamui.

Akipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu cha kuanguka, homa, uchafu wenye harufu, au damu ya kulowesha pedi 2 kwa saa, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Fundi wa labo, Kadutu (Bukavu):
Ombeni kipimo cha damu cha hCG chenye namba, si cha ndiyo au hapana. Mara 2, saa 48 katikati: Jumatatu saa 2 asubuhi, kisha Jumatano saa 2. Labo iwe ile ile, maana mashine hazitoi namba sawa. Ikitoka 180 ikashuka 70, ni mabaki yanaisha. Ikipanda 180 hadi 300, inaelekea ni mimba mpya. Ikisimama palepale au kupanda kidogo tu, ndipo pa kuogopa: mimba nje ya kizazi, au vipande vilivyobaki ndani. Amwone daktari siku hiyo.

Ekografi msiikimbilie, kama hana dalili alizotaja mkunga. hCG ikiwa chini ya 1500 hivi, kizazi kinaweza kuonekana kitupu na mimba ipo.

Mama wa Katindo:
Aksanti sana. Kituo chetu kina testi ya mkojo tu.

Mkunga, Ndosho:
Basi arudie baada ya siku 7, testi ya aina ile ile, mkojo wa kwanza wa asubuhi. Asome dakika ya 5. Mstari unaotokea baada ya dakika 10 hauhesabiwi. Ukikoza, inaelekea ni mimba. Ukififia zaidi, inaelekea ni mabaki. Ukibaki vilevile, atafute hicho kipimo cha damu, hata kama ni mbali.

Wakati huo ameze asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku. Kidonge cha miligramu 5 ni zaidi ya mara 10 ya hicho; ni cha wale walioandikiwa na daktari.

Ikiwa ni mimba, ekografi ya kwanza kabla ya wiki 12 ndiyo itakayotoa umri, na ndiyo iandikwe kwenye fishi ya CPN, kliniki ya wajawazito. Wakihesabu kutoka hedhi ya mwisho, ile ya kabla ya mimba iliyotoka, wataongeza kama miezi 2 na kudhani mtoto hakui.