Akifeli anyang'anywe maiki? Tujadiliane

Jamani suala hili limetugombanisha maskani kwetu huku Ng'ambo ya mji wa Unguja, nalileta hapa tulichambue. Kuna wazo la kuwachukua vijana wanaorap, wawekwe uanagenzi studio, wakae na prodyuza wajifunze kupika biti na kurekodi, na papo hapo wawe na mwalimu wa kuwasimamia masomo ya skuli mpaka wamalize kidato cha nne. Hapo hakuna aliebisha. Ugomvi umezuka kwenye sharti: kijana akifeli mtihani wa muhula asiguse maiki mpaka alama zipande.

Mimi nalipinga. Wa mwanzo kutolewa watakuwa walewale mradi uliowafata, maana mwenye A zake hana shida na mtu wa kumshikia daftari. Na huyo ukimtoa studio msidhani atakwenda kufungua kitabu, atarudi maskani kukaa na sisi.

Halafu masomo si yamo humohumo kwenye kazi? Biti inakwenda mapigo 90 kwa dakika, bari moja mapigo 4, kijana ana bari 16, sasa mwambie apige hesabu verse yake itachukua muda gani (ni mapigo 64, sekunde 43 hivi). Tarbia ya skuli ina mizani 16 kila mstari, 8 kwa 8, na mtoto anaefeli kuihesabu darasani ndo huyohuyo anaepanga vina usiku kucha bila kulazimishwa. Na mkataba wa Kiingereza je, nani atamsomea? Bila kuelewa haki zake hata COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, hatojua aende kufata nini. Najua kuna watakaonambia Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, hakusoma skuli na 1928 alikwenda kurekodi Bombay. Sawa, lakini wangapi wamekuwa Siti?

Mnaonaje?

*Mzazi, Mwembeladu:* Wanangu maneno mazuri hayo ila mimi nina kijana ndani namjua. Bila sharti hiyo twisheni itakuwa jina tu la kuombea pesa kwa wafadhili, watoto watakwenda studio mwalimu atakaa peke yake na chaki yake. Na saa ngapi hasa? Asubuhi skuli, jioni chuoni kusoma Kurani, ikisha mnataka studio usiku? Kwa mtoto wa kike ndo kabisa hamjafikiri, nani atamruhusu.

*Wa Chake:* Nyie mnagombania alama, sie Pemba hata hiyo studio ya kunyang'anywa hatuna. Tamasha Ngome Kongwe, chuo cha muziki Mji Mkongwe, kijana wa Micheweni apande boti kwenda kujifunza kurap? Aanze na nauli kwanza.

*Mleta mada:* Mama angu wa Mwembeladu, hapo kwenye saa umenibana kweli, mi naona iwe Jumamosi na Jumapili mchana, na wasichana wawe na siku yao na mwalimu wa kike. Sharti nalikubali likiwa la kuhudhuria: akikosa twisheni bila udhuru wiki ile studio haingii. Alama tusimfungie mtu mlango. Shekhe wa Chake, laptop moja, maiki moja na chumba chenye magodoro ukutani ndo studio hiyo, wengi mjini wameanzia hapo. Mgumu kupatikana ni mwalimu atakaekuja kila wiki na akalipwa. Huko kwenu yupo?