Hilux ya Baba inasumbua asubuhi

Kevo (Nakuru): Habari za jioni familia. Mjomba, Hilux ya Baba, ile ya injini ya dizeli aina ya 2L, asubuhi stata inazungushwa weee ndiyo ishike. Inatoa moshi mweupe, inazima, ukiwasha tena inakaa sawa hadi jioni. Fundi wa hapa anasema pampu ya dizeli imekufa, itolewe.

Mjomba (Kisumu): Msiitoe! Pampu iliyolika husumbua zaidi injini ikiwa moto, maana dizeli ikipata moto huwa nyepesi na kuvuja ndani kwa ndani. Yenu inasumbua ikilala. Hiyo ni hewa kwenye dizeli, au hita plagi, zile za kupasha injini joto kabla ya kuwaka. Ikiegeshwa pua juu inazidi?

Kevo: Inazidi sana. Hapa mlangoni ni mteremko.

Mjomba: Basi tuanze na hewa. Dizeli inarudi kwa tangi usiku, kama soda kwenye mrija ukiachilia kidole.

Mama Kevo: Lakini kaka, hakuna hata tone chini ya gari. Nimeangalia mwenyewe.

Mjomba: Hapo ndipo watu hupotea, dada. Kutoka tangi hadi pampu dizeli inavutwa, haisukumwi. Ufa wa upande huo unanyonya hewa, hautoi tone.

Mjomba: Kevo, nunua nusu mita ya mpira wa dizeli unaoonyesha ndani, unaobana vizuri, na klipu 2. Uweke kati ya filta na pampu, uwashe, uangalie. Povu la mwanzo hupita. Likiendelea baada ya dakika 5, hewa inaingia.

Kevo: Nikiliona nibadilishe nini?

Mjomba: Bado usinunue kitu. Jaza dizeli safi kwenye jerikeni ya lita 5, iweke juu kidogo ya pampu. Mpira mmoja utoke humo moja kwa moja hadi pampu, na ule wa kurudisha uingie humo humo. Gari lilale hivyo, lisiende barabarani. Asubuhi likishika mara moja, pampu haina kosa. Kosa liko kati ya tangi na pampu.

Baba Otis: Si achanganye mafuta ya taa kidogo tu, iwake?

Mjomba: Hapana Baba Otis, tafadhali. Pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Mafuta ya taa ni makavu, chuma kitasugua chuma, na hapo ndipo pampu itakufa kweli.

Kevo: Na fundi anataka kufungua skrubu ya nyuma ya pampu kuongeza dizeli, kwa vile inakosa nguvu ikipanda Mau Summit.

Mjomba: Asiiguse. Huku Kisumu tuko karibu mita 1,130, Nakuru karibu 1,850, na Mau Summit ni juu zaidi. Hewa ni nyembamba na injini haina turbo ya kuisukumia hewa zaidi. Akiongeza dizeli atapata moshi mweusi na joto. Atazame filta ya hewa kwanza.

*Asubuhi ya pili*

Kevo: Mjomba, kwa jerikeni imeshika mara moja!

Mjomba: Safi. Rudisha mipira ya kawaida, ule unaoonyesha ndani ukae palepale. Sasa ile pampu ya mkono juu ya filta: ifute ikauke kabisa, bonyeza mara 30 hivi hadi iwe ngumu, kisha pitisha kidole chini ya kofia yake.

Kevo: Kidole kimelowa dizeli.

Mjomba: Mpira wa ndani umepasuka: ukibonyeza dizeli inatoka, injini ikivuta hewa inaingia. Badilisha kichwa chote, pamoja na filta. Ukimaliza bonyeza tena hadi iwe ngumu. Ikikataa kuwaka, chukua spana 17, legeza nati za paipu kwenye nozeli 2 zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zungusha stata sekunde 10, pumzisha. Dizeli ikitoka bila povu, kaza. Usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, ina nguvu ya kupenya ngozi, na hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Kevo: Na moshi mweupe ukibaki?

Mjomba: Ndipo tupime hita plagi. Usizigusishe betri ovyo, zingine ni za volti 6. Acha ule mpira unaoonyesha ndani siku 2 uone hauna povu, halafu weka mweusi wa kawaida. Ule wa plastiki hukauka na kupasuka kwa joto la injini.