Madereva mnaotupitia puani tukiwa kazini, mna shida gani?

Wakuu naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Kazi yangu ni kuvuta magari yaliyozima njiani. Jana usiku nimelala chali, nusu ya mwili iko chini ya gari nafunga mnyororo, vimulimuli vinawaka, koni nimepanga, reflekta nimevaa, anatokea jamaa na spidi yake ileile, upepo tu umenivua kofia na koni mbili zikaruka mtaroni. Leni ya pili ilikuwa tupu. Tupu kabisa! Kilichomshinda kukata usukani kidogo ni nini? Tena honi kapiga, yaani mimi ndo nimemziba.

Wengi hamjui kama hili lina sheria. Marekani majimbo yote 50 wanayo: ukiona gari la dharura limesimama pembeni taa zinawaka unahama leni, huwezi kuhama unapunguza mwendo. Florida wameandika mpaka namba, ukishindwa kuhama unashuka maili 20 kwa saa chini ya spidi iliyoandikwa kwenye kibao, na tangu Januari 2024 hata gari la raia lililoharibika likawasha hazadi limo. Sio ambulensi na zimamoto tu jamani, na sisi wa kuvuta magari tumo!

Ilianzia South Carolina 1996. Miaka miwili kabla, mhudumu wa ambulensi aligongwa akiwa eneo la ajali, na trafiki wakaandika mwenye kosa ni yeye aliyegongwa. Hapo ndo aliposimama kuidai sheria. Mimi kila nikikumbuka hiyo damu inachemka, umekuja kuokoa mtu, unagongwa, na kosa lako.

Halafu kuna hawa wa simu. Ukiwa kilomita 100 kwa saa gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, ukisoma meseji sekunde tatu ushakata mita 80 na zaidi bila macho, na mimi niko hapo katikati. Wengine ndo wanapunguza kweli, ila wanapunguza ili warekodi majeruhi, mkono mmoja dirishani, na gari linafuata macho yanakoangalia, linakuja kwetu taratibu.

Sikatai na sisi tuna wenzetu wapuuzi, kazi imeisha saa nzima vimulimuli bado vinawaka yeye anaongea na simu, watu wakishazoea kuziona hovyo hovyo hawazijali tena. Hilo nalo liko siku nitalifungulia uzi.

Sasa nauliza, humu kuna aliyeulizwa hili swali siku ya mtihani wa leseni? Mimi leseni ninayo miaka kibao na sikuwahi kulisikia, nimelijua siku ya kwanza kazini, tena kwa kufokewa na bosi kwa sababu nilishuka kwa mlango wa upande wa magari.