Mjadala: Sekondari ifundishwe Kiswahili au tuendelee na Kiingereza?

Mama Tabata: Mwanangu kasoma Kiswahili miaka saba, kaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza. Juzi kwenye jaribio kakuta "the manager overlooked the error", akaandika meneja alilisimamia kosa. Wino mwekundu! Sasa "over" ni juu, "look" ni kutazama. "Oversee" nayo ni kuona kwa juu, na hiyo ndiyo kusimamia. Kumbe "overlook" ni kutolitilia maanani. Mtoto angejuaje? Ifundishwe Kiswahili, basi. Na mwalimu wala hakumweleza.

Fundi Chaki: Dada, hilo la mwalimu limeniuma. Huku Mbagala nina wanafunzi 90 kwenye darasa moja. "Oversight" peke yake ina maana mbili, usimamizi na kupitiwa. Nimalize kuieleza, kengele imeshalia. Msitubebeshe walimu kila kitu.

Wa Sinza: Hata Kiswahili kina mitego. Kifungua kinywa ni chai ya asubuhi, kifungua mimba ni mtoto wa kwanza. Kiinua mgongo je? Ni malipo ya kustaafu, lakini mgeni atadhani dawa ya mgongo. Watoto wakariri tu, mbona sisi tulikariri.

Mstaafu: Kiinua mgongo usikifanyie mfano, kijana. Nimeshika chaki miaka 34, mgongo haujainuka. Asilimia 33 tu ya mafao ndiyo wanayotoa kwa mkupuo, tangu kikokotoo cha 2022, ile kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni!

Binti Temeke: Shikamoo mzee. Si bajeti ya 2024 ilipandisha hadi 40?

Mstaafu: Marahaba. Arobaini si hamsini, binti yangu. Hamsini ndiyo niliyoipigia hesabu ya nyumba. Matofali yako pale Chanika, yameota nyasi.

Wa Sinza: Nisamehe mzee, sikukusudia. Lakini asilimia 25 ya kikokotoo cha 2018 si ilisimamishwa? Angalau walisikia.

Mstaafu: Walisikia kwa sababu tulipiga kelele.

Mama Tabata: Jamani, mtoto ana jaribio Jumatatu. "Overtake" na "take over" ni kitu kimoja?

Binti Temeke: Hapana dada. Daladala ikiipita nyingine pale Buguruni, hiyo "overtake". Konda akimtoa dereva akashika usukani mwenyewe, hiyo "take over". Asitafsiri vipandevipande, ashike neno na sentensi yake.

Fundi Chaki: Umeeleza kwa Kiswahili, na sote tumeelewa. Wewe wa Sinza, katika uliyokariri, nitajie matatu unayoyakumbuka.