ATA au simu za IP? Nisaidieni kabla sijatoa hela

Kombo77: Wakuu, laini yetu ya zamani inafungwa, tunahamia simu ya intaneti. Simu za mezani bado nzima. Ninunue kisanduku cha ATA kigeuze sauti ya dijitali iwe analogi, au nichukue simu za IP, zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye mtandao? Ipi bora?

fundi_solda: Simu ngapi? Faksi ipo? Mtoa huduma anatumia kodeki gani, yaani njia gani ya kugeuza sauti kuwa data? Umeleta mgonjwa bila kusema anaumwa wapi.

MamaWaya: IP, tufunge mjadala. Huko unapata kodeki ya G.722, inapima sauti (sampuli) mara 16,000 kwa sekunde, ile ya kawaida ya G.711 ni 8,000 tu. Ukishazoea hurudi nyuma.

Chujio: Ukipiga nje mara nyingi unaangukia G.711 hiyohiyo, dada.

Kombo77: Simu nne. Faksi moja, ya mhasibu.

MzeePaipu: Hapo kwenye faksi ndipo nilipolia. Niliweka ATA, mtoa huduma akawa anabana sauti kwa G.729, kilobiti 8 kwa sekunde. Maongezi safi kabisa. Faksi sasa: mashine zinaitikiana, zinapiga kelele, zinakata. Wiki nzima nabadilisha waya, nikanunua hata faksi nyingine! Kumbe kodeki ile imetengenezwa kwa sauti ya mtu. Inaiunda upya, haitunzi umbo la wimbi, kwa hiyo milio ya modemu inavurugika. Nilipoweka G.711 karatasi zikaanza kutoka. T.38, njia maalumu ya kupitisha faksi kwenye intaneti, ni nzuri zaidi ukiipata. Na tundu liwe FXS, ndilo linalolisha simu umeme na kuiliza. FXO ni la kupokea laini, simu yako itakuwa bubu.

Jongoo_8: G.711 ni biti 8 tu kwa kila sampuli, sauti si itatoka ngazi ngazi?

Chujio: Ngazi zinalainishwa na kichujio baada ya DAC, kile kigeuzi cha dijitali kuwa analogi. Tena hazilingani: sauti ndogo inapewa ngazi za karibukaribu, kubwa za mbalimbali. Ndiyo kazi ya A-law, kanuni ya kupanga ngazi ndani ya G.711.

MamaWaya: Marekani na Japani kanuni yao ni mu-law. Upande mmoja ukikosea, unasikia mtu anakwaruza.

Jongoo_8: Mimi bado nasema biti 8 ni kidogo.

Chujio: Umezisikiliza miaka yote hukulalamika.

Kombo77: Nilisahau, simu moja ni ya kuzungusha namba.

fundi_solda: Ndiyo unasema leo! ATA nyingi zinaelewa milio ya vibonye tu. Itapokea, kupiga sahau.

MzeePaipu: Usiitupe hiyo. Rangi gani?

MamaWaya: Weka picha.