Mnamkumbukaje kocha Lee Corso?

BintiTanga: Shikamooni wakubwa. Nilipohamia Columbus, Ohio, mpira wa Kimarekani sikuujua kabisa. Jirani ndiye aliyenikalisha mbele ya runinga kila Jumamosi asubuhi tumtazame mzee Corso, mchambuzi wa runinga ya michezo ya ESPN, penseli mkononi, akimkatiza mwenzake: "Usiwe na haraka, rafiki yangu!" Nikampenda hapo hapo. Nyinyi mna kumbukumbu gani?

Mzee wa Bloomington: Marahaba binti. Huku kwetu ni kocha kwanza, mtangazaji baadaye. Aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Indiana kuanzia 1973 hadi 1982. Mwaka 1976 timu yake iliongoza 7-6 dhidi ya Ohio State, timu ya chuo kikuu cha Columbus, akasimamisha mchezo, akawaita vijana wote wapigwe picha na ubao wa matokeo nyuma yao! Walifungwa 47-7, lakini ile picha ilibaki. Halafu 1979 akawafunga BYU, timu ya Chuo Kikuu cha Brigham Young, 38-37 kwenye Holiday Bowl, mchezo wa mwisho wa msimu. Watu wasahau hilo? Hapana.

Juma_wa_Ohio: Mimi namkumbuka kwa moyo wake. Alipata kiharusi 2009, maneno yakawa mazito, bado akarudi kwenye meza ya utangazaji. Mtangazaji mwenzake, Kirk Herbstreit, alikuwa akimsaidia taratibu, kama mtoto na baba yake.

BintiTanga: Juma, umenitoa machozi. Tarehe 30 Agosti 2025 aliagia hapa hapa Columbus, ana miaka 90, akavaa tena kichwa cha Brutus, kinyago cha Ohio State, ambacho ndicho alichoanzia 1996 ile desturi yake ya kuvaa kichwa cha kinyago cha timu anayoitabiria ushindi. Jirani yangu alisimama, akapiga makofi peke yake sebuleni. Nami nikasimama.